Kumtangulia Mtu Njiani

Katika madarasa ya Kiingereza ya shule zetu za sekondari, mwanafunzi hukutana na kitenzi ambacho Waingereza wamekiunda kwa maneno mawili mafupi, 'head off'. La kwanza ni kichwa, la pili ni kijineno cha kutenga au kuondoa. Yakiwekwa pamoja, maana yake ni kumpita mtu au mnyama aendaye, kufika mbele ya kichwa chake, na kumgeuza kabla hajafika alikokuwa akielekea. Mwanafunzi akiuliza Kiswahili chake ni nini, mwalimu mwenye haraka hujibu 'kuzuia', na somo huendelea. Jibu hilo si kosa, lakini limeacha nje nusu ya jambo. Mtu aweza kuzuiwa na aliye nyuma yake, kwa kushikwa shati. Aweza kuzuiwa na aliye nyumbani mwake, kwa kufungiwa mlango. Kitenzi hiki kinadai miguu: anayezuia lazima awe ametangulia.

Katika mji wa Babati na vijiji vinavyouzunguka jambo hili halingojei kamusi. Mji huu, ambao tangu mwaka 2002 ni makao makuu ya Mkoa wa Manyara, umekaa penye njia panda ya barabara zitokazo Arusha, Dodoma na Singida, chini ya mlima Kwaraa na kando ya ziwa lenye viboko. Wagorowa, Wairaqw, Wambugwe, Warangi na Wabarbaig wanaoishi katika nchi hii hawafanani kwa lugha, wala kwa mila zao zote. Lakini hakuna miongoni mwao asiyejua kazi ya mtoto achungaye. Ng'ombe wakielekea shamba la mahindi la jirani, mtoto mjinga huwakimbiza kutoka nyuma, nao huingia shambani kwa kasi zaidi. Mtoto aliyefunzwa huzunguka mbali, akatokea mbele yao, akasimama mahali peupe, akainua fimbo. Ng'ombe humwona, husita, kisha hugeuka. Hawakupigwa. Na waligeuka kwa sababu nyuma yao palikuwa na nafasi ya kurudi; laiti wangekuwa wamebanwa kati ya fimbo na boma, wangemkanyaga.

Tunaomba msomaji aishike picha hiyo, maana tutairudia katika mambo mazito zaidi ya mahindi. Swali tunalolikusudia ni hili: ni wakati gani mtu ana haki ya kumkatiza mwenzake njia, hali mwenzake huyo bado hajatenda lolote? Anayemtangulia mtu njiani humhukumu kwa jambo ambalo halijatokea, na ambalo, akifaulu, halitatokea kamwe. Ushahidi wake aliuharibu mwenyewe kwa mkono wake. Hakuna awezaye kumthibitishia kwamba alikosea, wala yeye hana njia ya kuthibitisha kwamba alipata.

Lugha yetu haikulipa tendo hili neno moja, na tunadhani haikuwa kwa upungufu. Ililigawa, na kila fungu likapewa hukumu yake. Mgeni mheshimiwa ajapo, watu hawamngojei barazani. Hutoka, wakamkuta njiani, wakamlaki. Mwizi au simba naye hutoka, akakaa njiani, lakini yeye huvizia. Kwa macho ya ndege aliye juu angani, matendo haya mawili hayatofautiani: mtu anakwenda, na mwingine amemtangulia akimsubiri. Tofauti imo katika nia, nayo lugha imeiweka wazi tangu mwanzo, hata mtu hawezi kusimulia jambo bila kutoa hukumu. Kuotea ni ndugu wa kuvizia, yaani kukaa ukisubiri kwa kujificha. Na wapenzi wa mpira wa miguu walifanya jambo la busara walipolichukua neno hilo kumtaja mshambuliaji aliyekwenda kusimama nyuma ya walinzi, akiungoja mpira mahali asipostahili kuwapo. Kosa lake si kutaka kufunga, bali ni mahali alipongojea.

Kuna kudaka na kudakia. Mlinda mlango adakaye mpira hushangiliwa. Mtu adakiaye maneno ya mwenzake, akayamaliza kabla mwenyewe hajayamaliza, huambiwa hana adabu. Kuna kuwahi, neno la saa na pumzi, ambalo halisemi kama aliyewahiwa alikuwa mwema au mbaya. Kuna kuepusha, ambalo aghalabu tunamwachia Mungu, kana kwamba mwanadamu hana hakika ya kutosha kulibeba. Kuna kumrudi mtoto, na hapa pana jambo la kupendeza: kurudisha ng'ombe na kumrudi mtoto yametoka katika shina moja. Wazee waliotuachia neno hilo hawakuona adhabu kuwa ni malipo ya kosa tu. Waliiona kuwa ni kumrejesha mtu njiani, na asiye na pa kurejea hawezi kurudiwa.

Na kuna kukinga. Neno hili linatufaa sana. Tunakinga maji ya mvua kwa ndoo, tunakinga jua kwa kiganja, na gogo lililolala barabarani limekingama. Katika miteremko ya Babati na ya jirani zake wa Kondoa, wakulima hujenga matuta yanayokata mteremko, nayo huitwa makinga maji. Maji yateremkayo hukuta tuta, husimama, huzama polepole ardhini, na udongo hubaki. Tuta halikuyachukia maji; liliyapa muda. Lakini hata kazi njema kama hii ina sura ya pili. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kwa jina la HADO, ulianza mwaka 1973, na matuta ya Kondoa yalikuwa sehemu ya kazi yake. Mwaka 1979 iliamuliwa kwamba mifugo nayo iondolewe katika eneo lililomomonyoka. Miti ilirejea na makorongo yakaanza kutulia; wataalamu wa mbali walikuja kutazama. Mwenye ng'ombe naye alitazama njia ambayo ng'ombe wake waliifuata wakihama. Hatusemi kwamba uamuzi ule ulikuwa mbaya. Tunasema kwamba kukinga maji na kukinga riziki ya mtu si kazi moja, hata kama zote mbili zinaandikwa katika mpango mmoja.

Tuingie sokoni, maana huko ndiko swali letu lilikojadiliwa kwa muda mrefu zaidi, na watu wasiojuana. Kiingereza kina neno jingine katika ukoo huu, 'forestall', ambalo siku hizi humaanisha tu kuzuia mapema. Katika Uingereza ya kale lilikuwa jina la kosa la jinai. Mfanyabiashara aliyetoka mjini, akakutana na wakulima barabarani, akanunua mazao yao kabla hayajafika sokoni ili ayauze kwa bei ya juu, alishtakiwa. Sheria hizo zilifutwa kabisa mwaka 1844, fikra za biashara huria zilipokuwa zimekwisha shinda. Lakini karne nyingi kabla ya hapo, wanazuoni wa sheria ya Kiislamu walikwisha kulitaja tendo lilo hilo kwa kufuata mafundisho ya Mtume: wakakataza kuwatokea wasafiri wa misafara nje ya mji na kununua bidhaa zao kabla hawajaijua bei ya soko. Jina walilolipa tendo hilo ni 'talaqqi', na mwenye sikio atakuwa amekwisha litambua. Ni shina lile lile lililotupatia kulaki.

Basi neno ambalo kwetu ni la maua na vigelegele, katika vitabu vya fikihi limebeba tuhuma. Jambo hili halipingani na lile tulilosema juu ya nia, linalithibitisha. Mnunuzi wa njiani huja kwa uso wa kulaki: hutabasamu, huuliza habari za nyumbani, humpunguzia mkulima safari. Kilichojificha si mwili wake bali ni ujuzi wake. Yeye anaijua bei ya leo na mkulima haijui, na biashara nzima imesimama juu ya pengo hilo. Mtu aweza kuvizia akiwa amesimama katikati ya barabara mchana kweupe.

Wakulima wa Babati wanaifahamu hali hiyo bila kufundishwa fikihi. Nchi hii ni ya mahindi, na zaidi ni ya mbaazi, zao ambalo soko lake kubwa liko India. Mwaka 2017 India ilipoweka kikomo cha mbaazi zinazoingia nchini humo, bei ilianguka, na wengi walibaki na magunia. Katika hali ya namna hiyo habari ina thamani kuliko gunia lenyewe. Mtu atokaye Galapo au Bonga na mzigo wake, akikutana njiani na anayejua kwamba bei imepanda jana, ameuza bila kujua kwamba amenyang'anywa. Na akikutana na asemaye kwamba imeshuka, hana la kumjibu. Hata hivyo tusiwe wepesi kumlaani kila mnunuzi. Yuko afikaye kijijini wakati mvua imekata barabara na hakuna gari jingine, akalipa fedha taslimu siku ambayo ada ya mtoto inadaiwa. Mwaka 1983, ilipopitishwa sheria ya kupambana na uhujumu uchumi, neno mlanguzi lilikuwa kinywani mwa kila mtu, na waliobandikwa jina hilo hawakuwa wote wa namna moja.

Ni kipi basi kinachowatenganisha? Wanazuoni wale walitoa jibu ambalo tunaliona kuwa la hekima kubwa. Hawakusema tu kwamba biashara ya njiani imekatazwa. Walieleza pia kwamba muuzaji akifika sokoni na kuijua bei, ana hiari ya kuivunja. Yaani walimwachia pa kurudi. Ni ile nafasi iliyo nyuma ya ng'ombe.

Barabarani pia kuna kizuizi, lile gogo au mnyororo ambapo gari la mazao husimamishwa na karatasi zikatazamwa. Kutokana na neno hilo tumepata jingine, kizuizini, nalo linatupeleka kwenye swali lenyewe katika umbo lake kali. Mwaka 1962, Tanganyika ikiwa haijatimiza mwaka mmoja wa uhuru, Bunge lilipitisha sheria iliyompa mkuu wa nchi mamlaka ya kuamuru mtu awekwe kizuizini bila kushtakiwa mahakamani. Mtu huyo hakuhitaji kuwa amevunja sheria. Ilitosha kuaminiwa kwamba, akiachwa, angehatarisha amani au usalama. Hii ni 'head off' kwa maana kamili: dola limepita mbele ya raia, limesimama, na limemgeuza kutoka katika tendo ambalo hajalitenda.

Haifai kuisoma sheria hiyo kwa dharau ya mtu aliyezaliwa penye utulivu. Januari 1964 askari wa jeshi lililorithiwa kwa wakoloni waliasi, na kwa siku kadhaa taifa changa lilikuwa mikononi mwa bahati. Katika nchi nyingi za Afrika za miaka ile, serikali iliyongoja mpaka uasi utendeke haikupata nafasi ya pili ya kungoja. Anayesema kwamba dola lisubiri kosa litendeke ndipo lichukue hatua, na aseme pia ni nani atakayelichukulia hatua kosa hilo likifanikiwa.

Lakini tuipime kwa picha yetu. Mwekwa kizuizini alitanguliwa. Hilo ni kweli. Je, alimwona aliyemtangulia? Sheria ilitaka aelezwe sababu, lakini ilikataza amri yenyewe isihojiwe mahakamani, kwa hiyo alionyeshwa fimbo bila kuonyeshwa mkono. Je, aliachiwa pa kurudi? Mtu aliyeshtakiwa kwa wizi aweza kusema: sikuiba, na huyu hapa shahidi. Mtu aliyezuiwa asije akafanya jambo, atasema nini? Hawezi kuleta shahidi wa kesho. Njia yake pekee ya kuthibitisha kwamba asingelifanya ni kuachwa huru asilifanye, na hiyo ndiyo njia iliyofungwa. Taifa lenyewe lilifika huko kwa hatua zake. Haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984, na Tume ya Nyalali, katika taarifa yake ya 1991, iliitaja sheria ya kizuizini miongoni mwa sheria arobaini zilizostahili kufutwa au kurekebishwa.

Wanafunzi wetu wanaweza kulifuata jambo hili katika kitabu walicho nacho karibu. Mwaka mmoja tu baada ya sheria ile, yaani 1963, ilitoka tafsiri ya Kiswahili ya tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar, na mfasiri wake alikuwa Mwalimu Julius Nyerere. Katika tamthilia hiyo kuna usiku ambapo Brutus, peke yake bustanini, anajishauri kumwua Caesar. Anakiri kwamba hana kisasi naye, wala hajaona bado akili ya Caesar ikishindwa na tamaa zake. Anachokihofia ni taji: akivishwa, huenda tabia yake itageuka. Kwa hiyo anaamua kumfikiria kama yai la nyoka, ambalo hudhuru likiisha kuanguliwa, na anaona ni heri kuliua likiwa ndani ya ganda.

Walimu wengi hufundisha sehemu hiyo kama mfano wa mtu mwadilifu aliyedanganywa na wabaya. Sisi tunaona kwamba udanganyifu mkubwa zaidi anaufanya yeye mwenyewe, tena kwa neno moja, 'yai'. Yai la nyoka halina ila kuwa nyoka. Mwanadamu si yai. Brutus alihitaji mfano utakaomwondolea Caesar uwezo wa kugeuka, kwa kuwa bila hivyo asingeweza kumwua. Kisha walimjia kwa makundi, wakipiga magoti na kuomba kama wenye haja. Walimlaki kwa nje na kumvizia kwa ndani, naye akajikuta amezungukwa pande zote. Wala vita vilivyofuata havikumwachia yeyote raha ya kusema kwamba shari imeepushwa.

Inaonekana basi kwamba tumekwisha pata kanuni: anayemkatiza mwenzake njia na asimame mahali peupe, na aache pa kurudi. Ingekuwa vema kama mambo yote yangekubali. Kuna moja ambalo halikubali kwa urahisi, na walimu wa Manyara wanalijua kuliko sisi.

Mkoa huu umetajwa mara kwa mara katika takwimu za taifa miongoni mwa mikoa yenye wanawake wengi waliokeketwa. Sheria ya mwaka 1998 imefanya kumkeketa binti aliye chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai, na marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yameweka adhabu nzito kwa anayemwoa mwanafunzi. Tuseme mwalimu ananong'onezwa na binti wa Kidato cha Pili kwamba likizo ikifika atapelekwa kwa shangazi, na kwamba anajua kinachomngoja huko. Hakuna aliyetenda kosa bado. Mwalimu akiifuata kanuni yetu, atakwenda mchana kwa baba, atapiga hodi, atakaribishwa, na atasema analolijua. Atakuwa amesimama mahali peupe kweli. Na huenda usiku uo huo binti akasafirishwa, si kwa shangazi yule, bali kwa mwingine asiyejulikana. Akiamua kutosema, akapeleka habari kwa ofisa ustawi wa jamii, na baba akakutana na gari la polisi penye kona asiyoitarajia, mwalimu huyo ametenda kwa namna ya mviziaji, na kijiji kizima kitamwita hivyo.

Tumelifikiri jambo hili kwa muda, na tunaona kwamba kosa liko katika kutazama safari isiyo yake. Tulizoea kuuliza ni nani anayekatiza njia. Hapa yatupasa kuuliza njia ni ya nani. Mtoto anayepelekwa hasafiri, anasafirishwa. Safari yake mwenyewe ilikuwa ile ya kila asubuhi, ya daftari na kengele, na hiyo ndiyo iliyokatizwa, tena na watu waliomtangulia kwa siri, waliopanga siku bila kumwuliza, na wasiomwachia pa kurudi, kwa kuwa kilichokatwa mwilini hakirudishwi. Kwa hiyo mwalimu atokaye kumkuta binti huyo barabarani hajamvizia. Amemlaki. Kwa upande wa binti amesimama mahali peupe kabisa: amemwambia atakalofanya, na amemwuliza kama ndilo alitakalo.

Baki ya deni iko kwa baba. Amezuiwa bila kuonywa, na hilo haliwi haki kwa sababu tu lilikuwa la lazima. Yeye si yai la nyoka. Huenda alikuwa akifuata lile aliloona baba yake akilifanya, na huenda nusu ya moyo wake ilikuwa ikitafuta udhuru. Kama tendo lile lilikuwa la mchungaji na si la mwindaji, mwalimu atakwenda kwake baadaye, mchana, bila askari, ingawa miguu haitamtii. Atamwamkia kwa heshima ile ile ya zamani. Huenda asiitikiwe. Atakaa kwenye kigoda akionyeshwa, au atasimama asipoonyeshwa, na atasikiliza yote atakayoambiwa mbele ya wake, watoto na majirani waliokuja kusikia. Na juma litakalofuata, watu wakiwa wamekwisha kutawanyika, atakwenda tena.